Nimeandika "pishi 12" kwenye Excel, jumla inanitolea 0

Mtoto_wa_Wete

Assalaam alaykum jamani. Nipo Wete, na msimu huu ami yangu kanikabidhi daftari la wachumaji karafuu. Zamani alikuwa akiandika mwenyewe kwenye kaunta buku kwa kalamu ya risasi. Jioni wachumaji wakirudi shamba wanapimiwa pishi zao, anaandika jina na idadi, Alhamisi anawalipa. Mie nikajitia ujuzi. Nikamwambia ami, kazi hii naifanya kwa kompyuta, Alhamisi wewe unatoa pesa tu.

Basi nimejaza wiki nzima, watu 23. Safu C nimeandika vile vile ami anavyopenda kuona: pishi 12, pishi 9, pishi 7 na robo, pishi 11 na nusu. Chini nikaweka =SUM(C2:C24). Jibu 0. Nikafuta nikaandika upya, 0. Nikazidisha pishi kwa bei, nikapata #VALUE!

Halafu kuna robo. Kuna mmoja mvua ilimkimbiza, kachuma robo pishi tu. Nimeandika 1/4, Excel ikaniandikia 01-Apr. Aprili imeingiaje kwenye karafuu?

Kesho ndiyo Alhamisi. Ami anaamini kazi imekwisha. Nisaidieni kabla sijarudishiwa kalamu ya risasi.

Dodo_Boribo

Mlipe kila mtu sufuri, waambie kompyuta ndiyo iliyosema. Halafu uwahi boti Mkoani.

Maalim_wa_Chake

Wa alaykum salaam mwanangu. Huyo Dodo muache, hana kazi.

Kosa lako ni dogo, na si lako peke yako, hata maofisini nimelikuta. Seli, yaani kisanduku kimoja cha jedwali, ina mambo mawili: kilichomo ndani na kinachoonekana kwa nje. Wewe umetia maneno ndani. Ukishaandika "pishi 12", kwa Excel hayo ni maneno kama jina la mtu, na SUM maneno inayaruka, haigombi wala haikwambii. Ndiyo maana unapata sufuri badala ya kosa. Ukitaka kuyajua maneno yaliyojificha, tazama upande yalikolalia: namba hulala kulia, maneno hulala kushoto. Za kwako zote zimelala kushoto, sivyo?

Dawa: ndani ya seli tia namba tupu. Hilo neno "pishi" ni kanzu, mvalishe kwa nje.

Kwanza safisha ulichokwisha andika, usirudie kuchapa watu 23. Chagua safu C, bonyeza Ctrl+H. Tafuta " na robo" (anza na nafasi moja) badilisha kwa .25, kisha " na nusu" kwa .5, na kama umeandika "na robo tatu" hiyo ianze kabla ya zote, iwe .75, la sivyo utabakiwa na neno "tatu" linaning'inia. Mwisho tafuta "pishi " na sehemu ya kubadilishia iache tupu. Utaona namba zinahama zenyewe kwenda kulia.

Sasa kanzu. Chagua safu C, bonyeza Ctrl+1, ingia Number, shuka mpaka Custom, futa kilichoandikwa kwenye kisanduku cha Type na uandike:

"pishi "# ?/4

Maneno yote yanakaa ndani ya alama za nukuu. Alama ya reli (#) ni pishi nzima. Hiyo ?/4 inaiambia Excel sehemu inayobaki iandike kwa nne nne daima. Nimechagua nne makusudi kwa sababu pishi moja ni vibaba vinne, basi ile namba ya juu ni vibaba moja kwa moja. 7.25 itasomeka pishi 7 1/4, yaani pishi saba na kibaba kimoja. 11.5 itasomeka pishi 11 2/4, vibaba viwili. Ukiandika ?/? itakufupishia iwe 1/2, ni sawa kihesabu, ila mpimaji wa shamba anahesabu vibaba.

Hiyo Aprili: ukichapa 1/4 peke yake Excel inadhani ni tarehe. Chapa 0 1/4, sufuri, nafasi, robo. Ukitaka saba na robo, chapa 7 1/4. Na ile seli yenye 01-Apr usiivalishe fomati mpya ukadhani umepona, ichape upya. Tarehe ndani yake ni hesabu ya siku tangu mwaka 1900, sasa hivi imepita elfu 45. Ungemlipa yule aliyekimbia mvua pishi zaidi ya elfu arobaini na tano.

Dodo_Boribo

Huyo ndiye mchumaji tunayemtaka Pemba nzima.

Mtoto_wa_Wete

Maalim Mungu akuzidishie. Imekubali! Jumla inasoma pishi 203 2/4, nimehesabu kwa mkono mara mbili, ndiyo hiyo hiyo.

Sasa niongezee moja. Safu E ni pesa. Ami anataka kuona kama anavyoandika yeye, 24,500/= na ile alama yake ya mwisho. Na wapo waliochukua pesa mapema, kuna ambao mpaka wiki hii wanadaiwa. Hao nawatia alama ya kutoa, lakini ami anasema kile kijistari hakioni, macho yake hayapo tena. Na wale waliomaliza deni wanaonekana 0/=, anasema inakaa vibaya, kama mtu hakufanya kazi.

Mhasibu_Mstaafu

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Hapa ndipo penye utamu wenyewe, wengi wanaitumia Excel miaka kumi na hawajapajua.

Fomati ina vyumba vinne, ukuta wake ni nuktamkato. Cha kwanza ni cha namba chanya, cha pili cha namba hasi, cha tatu cha sufuri, cha nne cha maneno. Kila chumba unakivalisha unavyotaka. Kwa ami yako:

#,##0"/=";[Red]"anadaiwa "#,##0"/=";"hakuna deni";@

Isome polepole. Anayestahiki kulipwa 24500 ataonekana 24,500/=. Mwenye -6000 ataonekana kwa wekundu, anadaiwa 6,000/=. Mwenye sufuri ataandikiwa hakuna deni, na bado ndani ni sufuri, jumla haiharibiki. Ile @ ni maneno, ukiandika "hakuja" litatoka kama lilivyo.

Angalia kitu kimoja kinachowaponza watu. Ukishajenga chumba cha pili, alama ya kutoa Excel haiweki tena, imekuachia wewe. Kwa ami yako ni vizuri kwa sababu umeandika anadaiwa. Lakini nimewahi kuona mahesabu ya ofisi moja ambapo mtu alijenga chumba cha pili akatia wekundu tu, kisha karatasi ikatolewa na printa ya wino mweusi. Hasara yote ikasomeka faida. Mkubwa alifurahi siku mbili nzima.

Rangi ziandikwe kwa Kiingereza hivyo hivyo ndani ya mabano ya mraba, na zenye majina ni nane tu: Black, White, Red, Green, Blue, Yellow, Cyan, Magenta. Usijaribu [Nyekundu], itakukatalia.

Na tofauti ya 0 na alama ya reli: sufuri inalazimisha tarakimu ionekane hata kama haipo, reli inaonesha ikiwapo tu. Ndiyo maana tunaandika #,##0, ile sufuri ya mwisho inahakikisha namba haiondoki kabisa. Ukiandika #,### basi sufuri inageuka seli tupu.

Mama_Mwani_Paje

Samahani naingilia uzi wa karafuu na mwani wangu. Kikundi chetu tuko saba, tuliuza tukapata 500,000. Nimegawa kwa saba, nikaondoa zile nukta ili isomeke vizuri, kila mtu 71,429. Nimeisoma kwenye kikao, bibi mmoja hakusoma hata darasa la pili akapiga kichwani, akasema saba mara hiyo inazidi mia tano elfu. Na kweli! 71,429 mara saba ni 500,003, lakini chini Excel yangu imeandika jumla 500,000. Hizo tatu zimetoka wapi, na kwa nini nimeonekana mimi mwizi?

Maalim_wa_Chake

Bi, wewe si mwizi, na bibi huyo mpeni uweka hazina.

Ulichofanya ni kuficha nukta, hukuziondoa. Ndani ya kila seli bado imo 71,428.571428 na kuendelea. Excel inajumlisha ya ndani, wanakikundi wanajumlisha ya nje. Fomati haikati kitu. Ukitaka kukata kweli, kata kwa fomula. Na kwa kuwa senti na shilingi moja moja hamuwezi kupeana mkononi, mie ningekata mpaka kwenye mia:

=ROUNDDOWN(500000/7,-2)

Hiyo -2 inashusha mpaka mia kamili. Kila mmoja apate 71,400. Mara saba ni 499,800. Inabaki 200, iingie kwenye kibubu cha kikundi na iandikwe mstari wake. Bibi akipiga kichwani atapata hiyo hiyo.

Mhasibu_Mstaafu

Naongezea onyo. Atakuja kijana atakwambia kuna kitufe ndani ya mipangilio ya Excel kinachofanya hesabu ifuate kinachoonekana. Kipo kweli, kinaitwa "Set precision as displayed". Usikiguse. Kikishawashwa, zile nukta za ndani zinakatwa moja kwa moja kwenye faili zima, na ukizima hazirudi.

Mama_Mwani_Paje

Nimefahamu. Hizo 200 bibi keshaniuliza ziko wapi kabla hata sijamaliza kusoma.

Forodhani_Usiku

Na mimi nina langu. Nafanya kazi mapokezi hotelini hapa Mjini, ndiye ninayepanga zamu. Jedwali la zamu limeandikwa saa za kizungu kwa ajili ya meneja. Wiki iliyopita mpishi mpya kaona 7:00 kwenye karatasi, kaja saa saba mchana, kaoga kanukia. Wageni wamekaa mezani tangu asubuhi wanasubiri mayai. Nataka safu ya pili ionyeshe saa zetu, pasipo mimi kuchapa tena. Kuna fomati ya saa ya Kiswahili?

Dodo_Boribo

Mpishi hana kosa. Saa saba ni saa saba.

Maalim_wa_Chake

Fomati ya hiyo hakuna, maana hapa namba yenyewe inabadilika, si nguo yake. Lakini fomula ipo, nilihangaika nayo kwa ratiba ya skuli mpaka ikakaa. Saa ya kizungu ikiwa A2:

=(MOD(ROUND(A2*1440,0)-420,720)+60)/1440

Kisha ivalishe fomati:

"saa "h:mm

Sababu yake: Excel inaihesabu siku nzima kuwa 1, kwa hiyo tunazidisha 1,440 kupata dakika. Tunatoa 420, yaani masaa saba, tunazungusha kwa 720, masaa kumi na mawili, kisha tunarudisha 60. Utaniuliza kwa nini nisitoe masaa sita tu tukamaliza. Nilianza hivyo. Saa kumi na mbili ikawa inatoka saa 0:00, na sisi hatuna saa sufuri. Kwa kutoa saba na kurudisha moja, 6:00 inakuwa saa 12:00, 7:00 inakuwa saa 1:00, 20:00 inakuwa saa 2:00. ROUND usiitoe, bila yake kuna saa moja moja inaponyoka, 19:00 inaweza kukutokea saa 13:00 kwa sababu ya vijinukta vya ndani.

Asubuhi au usiku haijui. Tengeneza safu ya pembeni kwa fomula ya IF.

Na ukijumlisha masaa ya kazi ya wiki, usitumie h:mm. Mtu akifanya masaa 26 itaandika 2:00, kwa sababu inazunguka kila ikifika 24. Tumia [h]:mm, mabano yanaizuia isizunguke.

Forodhani_Usiku

Nimeijaribu, inakwenda. Hilo la [h] limenishitua, nadhani kuna mtu mwezi uliopita tumemlipa vibaya. Ngoja niangalie kimya kimya.

Ukhti_Madrasa

Assalaam alaykum. Kwa kuwa mnajibu kila mtu, na mie naomba: tarehe ziandikwe Kiswahili, Jumatatu, Jumanne. Yangu inaandika Monday. Na ikiwezekana tarehe ya Kiislamu pembeni, kwa daftari la mahudhurio ya madrasa.

Mhasibu_Mstaafu

Zote mbili zipo kwenye Excel ya Windows. Kwa Kiswahili:

[$-441]dddd, d mmmm yyyy

Hiyo 441 ni namba ya Kiswahili. Wameisajili kama Kiswahili cha Kenya, tuwasamehe, siku ni zile zile. Ijaribu kwa tarehe ambayo kila Mzanzibari anaijua siku yake: chapa 12/1/1964. Ikitoka Jumapili, 12 Januari 1964, kompyuta yako iko sawa. Ikitoka Jumanne, 1 Desemba, ujue imewekwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi unatangulia, na tarehe zako zote za nyuma uzikague, hasa zile za chini ya 13.

Ya Kiislamu, fomati yenyewe ianze na B2 (hapa si jina la seli):

B2d/m/yyyy

Seli ni ile ile, tarehe ni ile ile, kalenda tu ndiyo imebadilika.

Ukhti_Madrasa

MashaAllah zimetoka. Lakini tarehe ya Kiislamu imepishana siku moja na tunayohesabu hapa mtaani.

Maalim_wa_Chake

Itapishana tu. Hiyo ni hesabu, na sisi tunatazama mwezi. Kwa daftari la mahudhurio itakufaa, ila Idi usiitangaze kutoka kwenye Excel.

Dodo_Boribo

Tunazo Idi mbili tayari, isije ikawa ya tatu ya Microsoft.

Mtoto_wa_Wete

Narudi. Wakati nyie mnatazama mwezi, ami kaja nyuma yangu kaangalia. Kaipenda "anadaiwa" ya wekundu. Sasa kwenye karatasi ya muhtasari ya msimu mzima anataka isome kama watu wanavyosema: milioni mbili, laki tatu na nusu. Anasema masufuri mengi yanamtia kizunguzungu.

Saateni_Namba

Milioni na elfu rahisi. Mkato mmoja mwishoni mwa fomati unaondoa elfu, miwili inaondoa milioni. Wazungu huweka neno nyuma, sisi neno linatangulia:

"milioni "0.00,,

2,750,000 inasomeka milioni 2.75. Weka sufuri mbili baada ya nukta. Ukiweka moja itakuonyesha milioni 2.8, na hiyo tofauti ni elfu hamsini, si ya kuonea haya.

Laki ndiyo shida, mkato unapunguza kwa elfu elfu tu, laki moja haiko kwenye ngazi zake. Lakini kuna ujanja. Punguza elfu kwa mkato mmoja, 350,000 ibaki 350, kisha tia nukta ya uongo katikati kwa alama za nukuu:

"laki "0"."00,

Inasomeka laki 3.50. Ile nukta si ya hesabu, ni maneno tu kama neno laki lenyewe.

Unganisha zote kwa masharti:

[>=1000000]"milioni "0.00,,;[>=100000]"laki "0"."00,;#,##0"/="

Masharti ni mawili tu, la tatu ni "vyengine vyote". Kwa hiyo elfu haipati sharti lake, itabaki 85,000/=. Huwezi kuongeza sharti la elfu juu ya hayo mawili.

Forodhani_Usiku

Nimeinakili hiyo kwa mapato ya hoteli, kwangu inatoka vituko. Nukta na mikato imebadilishana. Laptop ni ya meneja, Muitaliano, kaja nayo kutoka kwao.

Saateni_Namba

Ndiyo sababu. Kwao mkato ndio nukta na nukta ndiyo mkato, na Excel inafuata mpangilio wa Windows wa mashine. Hapo milioni iandike 0,00.. yaani geuza kila kimoja. Hata tarehe kwao si dd/mm/yyyy, ni gg/mm/aaaa. Ukilipeleka faili lenyewe kwenye mashine nyengine fomati inajigeuza, tatizo ni pale unapoichapa kwa mkono au kuinakili kutoka kwenye uzi kama huu.

Na sasa nina ugomvi kidogo na Maalim. Amesema fomati ni kanzu, mwili haubadiliki. Kwa ndani ya Excel ni kweli. Ila ukihifadhi faili kama CSV, yaani faili la maandishi matupu la kupeleka kwenye mfumo mwengine, Excel inaandika kinachoonekana, inatupa cha ndani. Kanzu inabaki, mwili unakwenda. Mie nilituma orodha ya malipo namna hiyo, safu ya pesa nilikuwa nimeivalisha "elfu "0, ili wakubwa waisome vizuri. Faili lilipofika upande wa pili kila mtu alikuwa na "elfu 24", nyengine "elfu 25" ambaye kwa kweli alistahiki 24,600. Mfumo ukayakataa yote, na mie nilikuwa nimeshazima kompyuta nakula futari.

Maalim_wa_Chake

Umenikamata, nakubali. Sikuwa nafikiria CSV. Basi tuseme kabla ya kutoa CSV uzivue zote: chagua safu, rudisha General, kisha hifadhi. Isipokuwa safu ya simu na ya tarehe: simu ukiivua inapoteza sufuri ya mbele, tarehe inageuka ile hesabu ya siku.

Mtoto_wa_Wete

Hilo la simu nilitaka kuuliza! Ami anataka siku moja awalipe kwa simu. Nikichapa namba ya simu, sufuri ya mwanzo inatoweka. Na wapo walioniandikia namba za kitambulisho cha NIDA, mwisho wake unageuka masufuri.

Mhasibu_Mstaafu

Ni maradhi mawili tofauti, usiyachanganye.

Simu: namba kwa hesabu haina sufuri mbele, kwa hiyo Excel inaitupa. Hapo fomati inatosha:

0000" "000" "000

Zile sufuri kumi zinalazimisha tarakimu kumi. Itaonekana vizuri na nafasi zake. Ukitaka kuituma kwenye CSV, tumia 0000000000 bila nafasi, hapo itoke na sufuri yake kwa ile tabia aliyoilalamikia Saateni. Safari hii inakusaidia.

NIDA: hii ina tarakimu 20, na Excel inahifadhi 15 tu za mwanzo. Zinazobaki inazifanya sufuri, papo hapo, kabla hujainua kidole. Hakuna fomati itakayozirudisha kwa sababu hazimo tena ndani. Ivalishe safu fomati ya Text kwanza, au @ kwenye Custom, ndipo uchape. Zile ulizokwisha chapa rudi kwenye karatasi ulizoandikiwa, uzichape upya. Kitambulisho hukijumlishi, kwa hiyo kuwa maneno hakikudhuru.

Mama_Mwani_Paje

Wallahi orodha ya kikundi chetu nimeichapa yote hivyo hivyo, tangu mwaka jana. Nafungua saa hizi.

Ndiyo. Wote saba wana masufuri mwisho.

Mtoto_wa_Wete

Alhamisi, baada ya Isha. Nawapa habari.

Tumelipa watu 23, hakuna aliyelalamika. Wenye wekundu ami kawaita mmoja mmoja pembeni, karatasi kaikunja wengine wasione. Ukweli umekuja kutoka mwishoni: kabla ya kuanza kulipa ami katoa kaunta buku mfukoni. Kumbe wiki nzima alikuwa akiandika kwa kalamu ya risasi kimya kimya, mie najaza kompyuta na yeye anajaza lake. Kalinganisha mstari kwa mstari mbele ya watu, mie jasho linanitoka. Zimelingana zote isipokuwa moja, na hiyo aliyekosea ni yeye, alisahau kibaba. Kakipangusa kwa ufutio bila kusema neno.

Imebaki hii tu. Mchumaji wetu bora wa wiki, mama mmoja wa Kojani, kwenye karatasi malipo yake yametoka #######. Watu wengine wote wana pesa, yeye ana reli. Ameniuliza kama ndiyo amekatwa.

Saateni_Namba

Pesa zake nyingi, seli nyembamba. Panua safu E.

Dodo_Boribo

Mwambie amechuma mpaka kompyuta imeshindwa kuandika.

Mtoto_wa_Wete

Nshapanua. Na hilo nimemwambia, kacheka, kaomba karatasi aende nayo nyumbani.